Picha ni Sauti: Kurusha Maneno na Picha kwa Redio ya Ridhaa

Redio ya SSB, yaani inayorusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi, haijui picha. Inachojua ni sauti iliyo kati ya hezi 300 na hezi 2700 hivi, basi. Ukiipa neno itarusha neno, ukiipa mluzi itarusha mluzi. Picha tunazorushiana kwenye mawimbi mafupi ni mluzi unaopanda na kushuka: hezi 1500 ni nyeusi, hezi 2300 ni nyeupe, na kila kivuli kilicho katikati kina mluzi wake. Mstari mmoja wa picha ukiisha, mluzi unashuka hadi hezi 1200 kwa kitambo kidogo ili kompyuta ya anayepokea ijue mstari mwingine unaanza. Mfumo huu unaitwa SSTV, yaani televisheni ya mwendo wa polepole. Aliyeubuni ni Copthorne Macdonald, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Picha zake za mwanzo zilikuwa na mistari 120, bila rangi, na kila moja ilichukua sekunde 8.

Kwa kuwa picha ni sauti, kituo chenye sauti chafu hakiwezi kutoa picha safi. Sikio la binadamu lina huruma: likikosa silabi mbili hujijazia lenyewe, na rafiki yako wa Muscat atakwambia "nakupata vizuri" hata kama umeme wako unayumba na maiki yako inakwaruza. Picha haina huruma hiyo. Kila kasoro ya kituo inajichora pale kwenye kioo, mstari kwa mstari, na mwenzako anaiona. Ndiyo maana anayetaka kurusha picha tunamshauri aanze na sauti.

Leseni kwanza. Inatolewa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi: Tanzania ni TCRA, Kenya ni CA, Uganda ni UCC, na pamoja nayo unapewa alama ya mwito inayoanza na 5H, 5Z au 5X. Alama hiyo utaitamka kwa mdomo, na utaiandika ndani ya kila picha.

Kisha umeme, maana hapa ndipo vituo vingi vinapoharibikia bila mwenyewe kujua. Redio ya wati 100 inataka volti 13.8, na ikirusha kwa nguvu zote inakula ampea 20 hadi 22. Redio nyingi zinaruhusu umeme upungue kwa asilimia 15 tu, yaani mwisho wake ni volti 11.7. Sasa chukua betri ya sola iliyo na volti 12.5, uiunganishe kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, kwa umbali wa mita 3. Kwenda na kurudi ni mita 6 za shaba, na ampea 20 zikipita humo zinapoteza volti 0.8 hivi. Zinazofika kwenye redio ni 11.7, tayari umegusa mwisho, na bado hujahesabu betri yenyewe inavyoshuka ikibebeshwa mzigo. Kwenye sauti utasikia neno linakwaruza kila unapolikaza, na taa ya kioo cha redio inafifia kwa mdundo wa maneno yako. Kwenye picha masafa yanaweza kuhama taratibu kadiri betri inavyochoka, juu inakuwa na rangi moja na chini nyingine. Tumia waya wa milimita za mraba 6, upotevu unashuka hadi volti 0.35 hivi. Weka fyuzi ya ampea 25 kwenye waya wa chanya na nyingine kwenye hasi, zote karibu na betri. Kisha pima volti nyuma ya redio wakati inarusha. Kipimo cha redio ikiwa imetulia hakikwambii chochote.

Kwa antena, dipole ya waya, yaani nyaya mbili za urefu sawa zenye kebo katikati, inatosha kabisa na hatuoni sababu ya mtu anayeanza kununua kitu kingine. Gawa 143 kwa masafa ya megahezi upate urefu wote kwa mita: kwa 14.230 ni mita 10.05. Kata kila upande mita 5.2, ipandishe, pima, kisha punguza. Ukiondoa sentimita 5 kila upande, masafa yake yanapanda kwa takriban kilohezi 140. Iinue mita 7 hadi 10. Ukiwa Tanga au Mombasa, nyosha waya mashariki kwa magharibi. Nguvu yake kubwa itatoka kaskazini na kusini, kwa hiyo waya huo mmoja unakupa Ulaya na unakupa Oman pia. Pwani adui ni chumvi. Kiunganishi cha kebo kisichozibwa kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe huota kutu ya kijani ndani, na maji yakishaingia kwenye kebo hayatoki. Mikoa ya Ziwa adui ni radi. Chomoa kebo na uitoe nje ya nyumba kabla mawingu hayajafika. Swichi ya redio haizuii radi.

Sauti sasa. Chini ya megahezi 10 karibu wote wanatumia LSB (upande wa chini wa wimbi), juu yake USB (upande wa juu), na picha hufuata kanuni hiyo hiyo. Maiki iwe sentimita 3 hadi 5 kutoka pembe ya mdomo, pumzi ipite kando yake. Ongea kwa sauti ya mazungumzo, halafu panua maiki kwenye menyu hadi mshale wa ALC, kipimo kinachoonyesha sauti inapoizidi redio, uanze kutikisika kwenye maneno mazito tu, ukae ndani ya eneo lake. Mshale ukilala upande wa juu muda wote, unachorusha ni mkwaruzo, na unawasumbua walio kilohezi 3 na 4 pembeni yako. Kibanio cha sauti, kile kinachoinua sauti ndogo ilingane na kubwa, kiwe kidogo au kizimwe. Feni ya mezani izimwe pia, kwa sababu kila unaponyamaza kibanio kinainua mvumo wake hadi ulingane na sauti yako.

Ukitaka kujisikia, fungua kwenye intaneti redio ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, inayopokea masafa yote hadi megahezi 29. Nyakati ambazo njia ya Ulaya iko wazi utasikia mwito wako ukirudi baada ya sekunde moja au mbili. Hakuna mwalimu mzuri kuliko huyo, na kwa picha ni hivyo hivyo: elekeza sauti ya ukurasa ule kwenye programu ya kupokea picha, uone wewe mwenyewe kile wenzako wanachokiona.

Daraja kati ya kompyuta na redio ndilo linalowashinda wengi. Redio kama Icom IC-7300 ina kadi ya sauti ndani yake, waya mmoja wa kompyuta unamaliza kazi. Redio za zamani kidogo zina tundu dogo la duara lenye pini 6 nyuma: pini 1 inapokea sauti ya kurusha, 2 ni ardhi, 3 ndiyo inayowasha urushaji ikiguswa na ardhi, na 5 inatoa sauti iliyopokelewa. Utahitaji transfoma mbili ndogo za sauti, ohmu 600 kwa 600, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Usihangaike kuziagiza nje. Modemu za zamani za simu ya mezani zinazo ndani, na mafundi wa kompyuta huwa nazo kwenye maboksi ya vyuma chakavu. Kazi ya transfoma ni kutenganisha ardhi ya kompyuta na ardhi ya redio. Bila yake mngurumo wa umeme wa hezi 50 unapenya na kuchora mistari ya mshazari picha nzima.

Tundu la redio linataka makumi ya milivolti tu, huku sauti ya kompyuta ikifika volti nzima. Kwa hiyo kwenye njia ya kurusha weka rezista ya kilo-ohmu 10 mfululizo, halafu rezista ya kurekebishika ya kilo-ohmu 1 kati ya pini 1 na ardhi. Volti 1 inashuka hadi milivolti 90, ukipunguza kidogo unapata pa kuchezea.

Kuwasha urushaji tunatumia optokapla, PC817 au 4N25, kijisehemu chenye taa ndani inayofunga swichi ya upande wa pili bila nyaya kugusana. Upande wa taa yake unalishwa na laini ya RTS, ile ambayo programu huibadilisha volti, ya adapta ya siriali kupitia rezista ya kilo-ohmu 1, upande wa pili unaunganisha pini 3 na ardhi. Hapa kuna mtego. Adapta yenye plagi kubwa ya pini 9 inatoa volti ya chanya pale programu inapotaka kurusha, kwa hiyo taa inakaa kati ya RTS na ardhi, na diodi 1N4148 iliyogeuzwa kando yake kuilinda na volti hasi. Lakini vile vibao vidogo vya CH340 vinavyouzwa bei rahisi hufanya kinyume: RTS inakaa juu wakati wa mapumziko na inashuka wakati wa kurusha. Ukiiunganisha kama ile ya kwanza, redio itaanza kurusha mara tu unapochomeka kibao kwenye kompyuta, na haitanyamaza. Kwa kibao hicho taa ya optokapla ikae kati ya volti 5 na RTS, na rezista yake. Jaribu kwanza kwa maltimita, redio ikiwa imezimwa.

Wapo wanaoiachia redio ijiwashe yenyewe ikisikia sauti. Inafanya kazi, ila mwanzo wa sauti hukatwa, na mwanzo wa picha ndio wenye tangazo la aina yake: mluzi wa hezi 1900 kwa milisekunde 300, ukatizo mfupi, 1900 tena, kisha tarakimu zinazosema picha hii ni ya mtindo gani. Tangazo likikatika, kompyuta ya mwenzako haianzi kuchora. Tena, kwa njia hiyo kila mlio wa ujumbe unaoingia kwenye kompyuta yako unakwenda hewani. Zima milio yote ya mfumo, na kama unaweza, itengee redio kadi yake ya sauti.

Kwenye kompyuta, MMSSTV ndiyo inayotumika zaidi kwa Windows, QSSTV kwa Linux, na simu janja zina Robot36 ya kupokelea. Kabla ya kuzigusa, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta uzime kila kinachoitwa uboreshaji: kupunguza kelele, kuzuia mwangwi, kujipandisha sauti. Programu hizo zimefunzwa kuwa sauti ya mtu ni halali na mluzi mrefu ni kelele, hivyo zinaifuta picha yako zikidhani zinakusaidia. Kwenye redio fanya vivyo hivyo. Kifuta-miluzi kizimwe, kipunguza kelele kizimwe, na chujio liwe pana, kilohezi 2.4 au zaidi. Kibanio cha sauti kilichokufaa kwenye maneno nacho kizimwe kabisa.

Kupanga nguvu ni hivi. Weka redio kwenye nguvu zake zote, toa mluzi mmoja kutoka kwenye programu, pandisha sauti ya kompyuta polepole hadi mshale wa ALC uanze kuamka. Rudi nyuma hadi ulale. Endelea kurudi nyuma hadi kipima wati kisome 40. Watu hulalamika hapa: nina wati 100, kwa nini nitumie 40? Kwa sababu maneno yana mapumziko na picha haina. Ukiongea, redio ya wati 100 kwa wastani inafanya kazi ndogo sana; ukirusha picha inatoa nguvu ile ile bila kupumua kwa karibu dakika mbili, na transista za mwisho zinachemka. Unachopoteza kwa kushuka kutoka 100 hadi 40 ni desibeli 4, haifiki hata hatua moja ya mshale wa nguvu ya mawimbi kwenye redio ya mwenzako. Na ukisukuma kupita kiasi, mluzi wa hezi 1200 unazaa mwenzake wa 2400, ambao bado uko ndani ya chujio, na alama ya kuanza mstari inachafuka. Picha yenye kingo zilizomeguka upande mmoja, angalia hapo kwanza.

Mitindo ni mingi, ila ya kuijua ni michache. Martin 1 inatawala Ulaya na inachukua sekunde 114 kwa picha ya pikseli 320 kwa 256. Scottie 1 inapendwa Marekani, sekunde 110. Robot 36 inamalizika kwa sekunde 36, nzuri hewa ikiwa inabadilika haraka, ingawa rangi zake hazina undani ule. Kwa huku kwetu tunatumia Martin 1, kwa sababu wengi wanaotujibu wako Ulaya. Masafa ya kukutania ni megahezi 14.230, na mengine ni 21.340 na 28.680; kwa kanda yetu, ambayo ni moja na Ulaya, kuna 7.165 na 3.735 pia, ila wakati wa masika radi za mbali zinayajaza haya mawili ya mwisho mikwaruzo hadi hayafai.

Picha kulala upande ni kasoro inayomsumbua kila mgeni, na si ya redio hata kidogo. Ni saa ya kadi ya sauti. Tuseme saa yako imekosea sehemu 100 kwa milioni, kosa la kawaida kwenye kadi za bei nafuu. Kwa sekunde 114 hiyo ni milisekunde 11.4. Pikseli moja ya Martin 1 inachukua milisekunde 0.458, kwa hiyo mpaka mstari wa mwisho picha imesogea pikseli 25 pembeni. Nyumba inaonekana inaanguka. MMSSTV ina ukurasa wa kurekebisha saa kwa kusikiliza kituo cha muda kama WWV cha Marekani kwenye megahezi 10 au 15: mipigo ya sekunde inajichora kama mstari, nawe unaunyosha hadi usimame wima. Fanya mara moja kwa kila kadi ya sauti. Usirekebishe kwa kutumia picha ya mtu mwingine, maana hujui saa ya nani ndiyo mbovu.

Kukosea masafa ni jambo jingine. Kati ya nyeusi na nyeupe kuna hezi 800 tu. Redio ya zamani iliyohama kwa hezi 140, ambayo ni sehemu 10 tu kwa milioni kwenye 14.230, inasukuma mwanga wa picha nzima kwa asilimia 17 hivi: nyuso zinapauka au zinaingia giza. Programu hujaribu kujirekebisha kwa kutazama hezi 1200, lakini iwashe redio nusu saa kabla ipate joto lake.

Kuna kasoro mbili ambazo si zako. Mawimbi yanapofika kwa njia mbili, moja imechelewa milisekunde 1 au 2, kila ukingo wa picha unapata kivuli chake pikseli 2 hadi 4 pembeni. Nyingine tunaijua vizuri sisi tulio karibu na ikweta: baada ya jua kuzama, hasa Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, anga ya juu inachafuka, na sauti za mbali zinatetemeka kana kwamba msemaji yuko chini ya maji. Maneno bado yanaeleweka, lakini picha inachanika kila mstari. Saa moja hadi saa nne usiku za miezi hiyo, ongeeni tu. Picha zirudi kesho saa tisa au kumi alasiri. Na kwa kuwa daftari la mawasiliano linaandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwetu Afrika Mashariki hesabu ni nyepesi: chukua saa ya Kiswahili uongeze tatu. Saa nne asubuhi ni saba UTC.

Picha yenyewe iandae kwa ajili ya kelele. Herufi za alama ya mwito ziwe na urefu wa pikseli 30 au zaidi, za njano zenye mpaka mweusi. Chagua picha yenye kitu kimoja kikubwa: jahazi, uso, mbuyu. Picha ya soko lenye watu mia itakuwa vumbi ikifika Ujerumani. Kabla ya kurusha, sikiliza kwa dakika mbili nzima, kwa sababu anayepokea picha haongei na utadhani masafa ni tupu. Taja alama yako kwa sauti, rusha, taja tena. Ukijibu, toa ripoti ya tarakimu tatu, 595 ikiwa picha ni kamili, na weka ndani ya picha yako nakala ndogo ya ile uliyopokea. Mwenzako anaiona kazi yake kama ulivyoiona wewe, na hilo linamfaa kuliko tarakimu.

Asiye na redio ya mawimbi mafupi aanze kwa kupokea kutoka angani. Kituo cha Kimataifa cha Anga hurusha picha nyakati fulani kwenye megahezi 145.800 kwa FM, mara nyingi kwa mtindo wa PD120, ambao unachukua sekunde 126 kisha mapumziko. Kikipita juu kabisa unakuwa nacho dakika 10 hivi, kwa hiyo unapata picha mbili, tatu kwa bahati. Simu ya upepo ya mkononi inatosha, ila badilisha antena fupi ya mpira kwa waya wa sentimita 49, na uigeuzegeuze mkononi sauti inapofifia, kwani kituo kinapozunguka mawimbi yake nayo yanageuka. Masafa yatahama kilohezi 3 na zaidi kutokana na mwendo wake, lakini kwenye FM mluzi haubadiliki, tofauti na kwenye SSB, hivyo huna haja ya kuyafuata. Hakikisha tu redio iko kwenye upana mkubwa. Ikiwa kwenye ule mdogo, sauti inakatwa vilele na nyeupe zinageuka madoa. Kizima-kelele kiache wazi tangu kituo hakijachomoza, ili sekunde ya kwanza isikupite.